Fundi alichomoka kwenye matuta, wengine wakabaki wakitazamana

Kijana wetu anayepeleka maziwa mjini ndiye mwenye nguvu kuliko wote kwenye klabu yetu ya baiskeli. Kila alfajiri anafunga madumu mawili kwenye keria, lita 40, anapanda nayo kilima ambacho wengine tunakipanda tukihema bila mzigo wowote. Jumapili iliyopita, kwenye mbio zetu, alimaliza wa tisa. Alilaza baiskeli kwenye majani, akanijia kabla hata hajavua kofia.

"Shikamoo kocha. Mimi nimevuta kundi tangu Kisongo. Hata yule mzee nimemvuta mimi. Sasa ameshindaje?"

Yule mzee ni fundi wetu wa baiskeli. Ana miaka 52, kitambi kidogo, na baiskeli ya chuma yenye umri mkubwa kuliko nusu ya washiriki. Nilimwambia kijana kwamba jibu amelitaja mwenyewe: amemvuta, yaani amekaa mbele akimkatia upepo. Hakuridhika, na ana haki. Kwa hiyo nimekaa kuandika jibu refu, kwa sababu wengi mnaoanza mbio hizi mna swali hilohilo.

Kwanza njia yenyewe. Tunaanzia Kisongo, nje kidogo ya mji wa Arusha, tunashika barabara ya Makuyuni, tunageuka kabla ya kufika Makuyuni, tunarudi. Kilomita 70. Anayeijua barabara ile anajua kwamba wakati wa kwenda unateremka taratibu na upepo unakusukuma. Ukirudi unapanda, na upepo wa kusini-mashariki unakupiga usoni kwa upande wa kulia. Aliyekula akiba yake akienda hulala njaa akirudi.

Sasa upepo. Kwenye tambarare, ukishapita mwendo wa kilomita 30 kwa saa hivi, sehemu kubwa ya jasho lako inaishia kuipasua hewa. Na nguvu inayohitajika kuipasua haipandi sawa na mwendo. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10, nguvu ya kupambana na hewa inaongezeka kwa takribani theluthi moja. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, karibu kiasi cha kuweza kusoma maandishi kwenye tairi, anaokoa theluthi hivi ya kazi, wakati mwingine zaidi. Fanya hesabu ya kilomita 60 za namna hiyo. Kijana wa maziwa alifika mwisho akiwa amefanya kazi ya watu wawili, na fundi akiwa bado hajaianza ya kwake.

Tatizo ni malezi. Huku kwetu mtu anayetegea kazi anasemwa mpaka msibani. Kijana amekua akiambiwa ajitume, kwa hiyo akiwa nyuma ya wengine anajisikia kama anaiba. Anakwenda mbele, anavuta, anageuka kutazama kama tunamwona. Tunamwona, na tunamshukuru sana.

Fundi yeye alingoja, kisha akashambulia. Kushambulia ni nini basi? Ni kutoka ndani ya kundi ghafla, kwa mwendo ambao aliye nyuma yako hawezi kuushika kabla hajatambua kilichotokea. Neno la msingi hapo ni ghafla. Anayeongeza mwendo kidogokidogo akiwa mbele hajashambulia mtu. Amewapa wengine usafiri wa kasi. Mara nyingi unatoka ukiwa wa tano au wa sita, unaanza kukanyaga ukiwa bado kwenye kivuli cha wenzako, yaani pale wanapokukinga na upepo, na unapompita wa kwanza tayari umemzidi mwendo sana. Ukiweza, pitia upande wa mbali naye, siyo kumgusa bega. Akitaka kukufuata itabidi akate upepo mpana kuja ulipo.

Halafu kuna kosa ambalo nimelifanya mwenyewe kwa miaka: kukanyaga kama mwendawazimu kwa nusu dakika, kisha kufa. Sekunde 15 au 20 za kwanza ni za kuua, sawa. Baada ya hapo shuka mpaka kiwango ambacho unaweza kuishi nacho hadi mwisho, hata kama unaona hawajawa mbali. Ukitazama nyuma kila mara unapoteza mstari na unawapa moyo. Wanaofukuza hupenda sana kuona uso wa mtu anayefukuzwa.

Mahali pa kushambulia ni pale ambapo wengine wana shughuli nyingine. Wanakunywa maji. Wanahema baada ya kumrudisha mtu mwingine aliyetoroka. Hapo ndipo pazuri kuliko pote, maana kila mmoja anaona amekwisha timiza wajibu wake. Kwenye kilima, vijana hupenda kuanzia chini kwa sababu ndiko wanakojisikia wazima. Subirini karibu na kilele, wakati miguu ya kila mtu inalia, halafu msipumzike mkifika juu. Kundi lina tabia ya kupumua kileleni kwa mita mia mbili. Hizo mita mia mbili ni zenu.

Na huku kwetu kuna matuta. Nchi nyingine wanazungumzia mawe ya barabara za kale. Sisi tuna matuta ya vijijini, na nadhani tunayadharau. Kundi likifika kwenye tuta, wa kwanza anapunguza kidogo, anavuka, anakanyaga. Wa pili anapunguza zaidi. Wa kumi anashika breki kabisa, na wakati anavuka, wa kwanza amesharudi kwenye mwendo wake. Kundi linavutika kama mpira wa manati. Aliye mkiani analazimika kukimbia kila baada ya tuta ili kuziba pengo ambalo hakulisababisha. Matuta matatu mfululizo yanaweza kumchosha kuliko kilima. Kwa hiyo ile kanuni ya kutoka nafasi ya tano haitumiki hapo. Kwenye matuta uwe wa kwanza au wa pili.

Fundi alikuwa wa pili. Nilikuwa nyuma yao kwenye bodaboda, saa mkononi, nikamwona anasogea taratibu mita kama mia tatu kabla ya kijiji, bila haraka, kama mtu anayetafuta kivuli. Kilomita tisa zilibaki. Aliyekuwa mbele ni mwalimu, na mwalimu anaogopa matuta tangu avunjike mtulinga mwaka jana. Akashika breki. Fundi hakushika. Alisimama juu ya pedali, akainua gurudumu la mbele, akaacha la nyuma lifuate, na baiskeli ile ya chuma ikapita bila hata kupiga kelele. Tuta la pili vilevile. Alipotoka la tatu alikuwa na mita 30.

Mita 30 kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa ni sekunde tatu. Mtoto angeziziba, kama angetokea mtoto anayetaka. Mwalimu alimtazama kijana wa maziwa, kwa sababu ndiye aliyekuwa akivuta siku nzima. Kijana, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaona na yeye amechoka kutumwa, akamtazama daktari wetu. Daktari akachukua chupa yake akanywa maji. Sijawahi kuona mtu akinywa maji taratibu namna ile. Walipomaliza kutazamana, fundi alikuwa na sekunde 15.

Hapa ndipo penye kiini cha yote ninayotaka kusema. Aliyetoroka hana jambo jipya la kuamua. Ameshaamua, kazi yake ni kukanyaga. Uamuzi uko nyuma, na ni mgumu. Anayekwenda mbele kufukuza anawabeba wengine wote mgongoni, anawafikisha, kisha wanampita mwishoni kwa sababu wao wamepumzika. Anapika, wanakula. Kila mmoja analijua hilo, kwa hiyo kila mmoja anangoja mwingine awashe jiko. Unaposhambulia hupimi tu nguvu zako na zao. Unawauliza swali: nani kati yenu yuko tayari kushindwa ili mimi nisishinde? Ukiuliza wakati ambao hakuna anayetaka kujibu, hata kitambi kinashinda.

Kuna hesabu ya zamani ambayo inahusishwa na Robert Chapatte, Mfaransa aliyekuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa kabla ya kuwa mtangazaji wa televisheni. Inasema kundi likifukuza kwa dhati, aliyetoroka hupoteza dakika moja kwa kila kilomita 10. Ijaribuni wenyewe. Anayekwenda kilomita 40 kwa saa anatumia dakika 15 kumaliza kilomita 10. Kundi linalokwenda 43 linatumia dakika 13 na sekunde 57. Tofauti ni sekunde 63. Hesabu nzuri, ila imejengwa juu ya maneno "kwa dhati". Zikiwa zimebaki kilomita sita nilipima kwa nguzo ya umeme: fundi alikuwa na sekunde 25. Kwa hesabu ya Mfaransa angenaswa kabla ya kuona jengo la kwanza la Kisongo. Alishinda kwa sekunde 11.

Mtu ataniambia kwamba upepo wa usoni ni adui wa anayetoroka peke yake. Ni kweli, kama nyuma kuna watu sita wanaopokezana vizuri zamu za kuvuta, hao watammeza. Lakini katika mbio za klabu, bila timu, bila redio, bila mtu wa kutoa amri, upepo huohuo unawafanya wote waogope kukaa mbele. Gharama ya kufukuza inakuwa kubwa zaidi, na uvivu wa pamoja nao unakua. Ndiyo maana kwenye barabara hii mimi huwaambia washambulie wakati wa kurudi.

Jumapili hiyo kuna watatu waliotoroka mapema, kwenye kilomita ya 20. Walikuwa na upepo mgongoni na bado wakakamatwa, kwa sababu nyingine kabisa. Mmoja wao alikuwa kupe. Aling'ang'ania nyuma, kila zamu yake ikifika anasema mguu umekaza. Wawili wenzake wakakasirika, wakaanza kumsema, wakapunguza mwendo ili wamlazimishe, na kundi likawakuta katikati ya ugomvi. Ukiwa kwenye mtoroko na kupe una njia mbili. Mchoshe kwa kuchomoka mara mbili tatu mpaka aachie, au mvumilie kama unajua utamshinda mwishoni. Kugombana naye barabarani ni kuwafanyia kazi wa nyuma. Na zamu ziwe fupi, na ukifika mbele usiruke kuonyesha ubabe. Mwenzako ukimkata, umebaki peke yako.

Jambo moja zaidi kuhusu upepo wa pembeni, maana Jumapili uliwatoa watu sita. Ukipiga kutoka kulia mbele, kivuli hakiko nyuma ya mwenzako. Kiko nyuma kushoto. Wajanja hujipanga mshazari, wa mbele akiwa karibu na mstari wa katikati, wengine wakishuka kuelekea ukingo wa kushoto. Nafasi ni za watu wanne, labda watano. Wa sita anajikuta kwenye changarawe bila kivuli, na wote walio nyuma yake wako hivyo hivyo. Anayebaki pale ana dakika chache. Ajipange na wenzake mshazari wa pili mara moja, au akubali. Mstari wa katikati hauvukwi, kwa sababu barabara haijafungwa na malori ya Dodoma hayana habari na mbio zetu.

Vijana wananitajia mbio za ubingwa wa dunia za Kigali. Ndiyo, Septemba 2025 Mslovenia Tadej Pogačar alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akaenda peke yake zile 66 za mwisho, akawa bingwa wa dunia. Siku hiyo walimaliza watu 30 tu. Mtu wa aina ile hahitaji wengine watazamane. Wewe na mimi tunahitaji.

Jana kijana alipita dukani kwangu na madumu yake matupu. Nikamwambia: mashindano yajayo hutavuta hata mita moja mpaka tugeuke. Akakubali kwa shida. Akauliza, na wakitoroka kabla hatujageuka? Nikamwambia mtazame fundi; fundi asipotikisika, na wewe tulia. Amelielewa hilo vizuri sana. Shida ni kwamba fundi naye husoma blogu hii.