Prius iliyotumika: masega kwanza, betri kubwa baadaye

Anayetaka gari lililotumika lisilochafua sana hewa huambiwa achukue Toyota Prius, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme. Nakubali, mradi masega (kifaa cha kusafisha moshi, catalytic converter) yapo kwenye ekzosi na betri kubwa, ile ya mota ya umeme, bado ni nzima.

Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita hutoa karibu tani 3.5, linalokwenda 18 kwa lita hutoa tani 1.9 hivi. Tofauti hiyo utaipata kwenye foleni za Dar es Salaam, kwa sababu kila unapopunguza mwendo Prius inarudisha nguvu kwenye betri. Kama safari zako nyingi ni za Dar hadi Dodoma, faida hupungua sana, na gari dogo la kawaida lenye injini nzima linaweza kukutosha.

Masega hayapunguzi hewa ya ukaa. Kazi yake ni kubadili sumu: kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za nitrojeni. Ndani yana platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana yanachomolewa na kuuzwa. Ingia chini ya gari na tochi. Ukikuta bomba tupu au weldingi mpya pale yanapokaa, uliza. Gonga taratibu kwa nyundo ya mpira ekzosi ikiwa imepoa: mlio wa vitu vinavyochezacheza ni masega yaliyovunjika.

Kisha pima injini ikiwa inaunguruma. Kwenye haibridi hujizima, kwa hiyo iweke katika hali ya matengenezo. Bonyeza POWER mara mbili bila kukanyaga breki. Ndani ya sekunde 60 kanyaga mafuta hadi mwisho mara mbili ukiwa P, mara mbili ukiwa N, na mara mbili tena ukiwa P. Hapo kanyaga breki na uwashe. Injini ikishapata moto, soma sensa ya oksijeni iliyo nyuma ya masega kwa kifaa cha OBD2, kile cha kusoma kompyuta ya gari. Volti zake zinatakiwa kutulia. Zikipanda na kushuka harakaharaka, masega yamekufa hata kama yanaonekana.

Kwa Prius ya 2009 hadi 2015, tazama pia maji ya rejeta. Njia ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, huziba kwa masizi, na gasketi ya silinda hedi huungua. Dalili yake ni gari kutetemeka asubuhi linapowaka na maji kupungua bila kuvuja.

Betri kubwa ina vipande 28 vya volti 7.2, na kompyuta huvisoma kwa jozi 14. Endesha mlimani huku mwenzako akisoma volti za jozi hizo kwenye kifaa cha OBD2. Jozi moja ikishuka zaidi ya volti moja chini ya nyingine, betri inachoka. Chungulia tundu la hewa kando ya kiti cha nyuma. Likijaa vumbi, betri imekuwa ikipikika. Muuzaji akisema kipande kimoja tu kimebadilishwa, punguza bei kana kwamba betri nzima inakuja, maana vile vya zamani hufuata.

Koda ya hitilafu ya betri kubwa kwenye kompyuta ni P0A80, lakini hufutwa kirahisi. Kwa hiyo tazama monita, yaani majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe: zikionyesha hazijakamilika, kompyuta imefutwa karibuni au betri ya volti 12 ilichomolewa. Omba kuliendesha gari siku nyingine, monita zikishakamilika, ndipo uzungumzie pesa.