Mtoto Aliyefuta Mnazi Wake

Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la tatu, katika shule moja ya msingi pwani ya kusini mwa Tanzania, nikimkagua mwanachuo wetu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kipindi kilikuwa cha kuchora. Mwalimu alipotamka tu kwamba leo tutachora nyumba, binti aliyekaa mbele yangu alishika penseli. Alichora nyumba ya makuti, mnazi ulioinama upande mmoja, na choo cha nje chenye gunia mlangoni. Mwalimu naye akageukia ubao, akachora nyumba ya mraba yenye paa la pembetatu, madirisha mawili na bomba la moshi. Binti akatazama ubao, akatazama daftari lake, akatoa kipande cha ndala anachotumia kama kifutio. Alianza kufuta mnazi.

Madaftari yalipokusanywa, tulihesabu nyumba zaidi ya 80, na kila moja ina bomba la moshi. Kijiji kile hakina bomba la moshi hata moja.

Wazazi huniuliza mara nyingi kama shule inaua ubunifu wa watoto. Sikubaliani na neno hilo, ingawa naelewa linakotoka. Naona kinachoudumaza ubunifu ni mazoea ya kumwonyesha mtoto jibu kabla hajapata nafasi ya kulitafuta.

Mwaka 2011, mtafiti Elizabeth Bonawitz na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto wadogo wa shule ya awali. Walitengeneza kichezeo cha mabomba chenye mambo manne yaliyofichwa: bomba moja likivutwa linalia, kwingine kuna taa, kwingine muziki, kwingine kioo. Kundi moja la watoto liliambiwa, "Tazama, hivi ndivyo kinavyofanya kazi," kisha mtu mzima akavuta bomba likalia. Mbele ya kundi jingine bomba lilivutwa kana kwamba ni kwa bahati tu. Waliofundishwa walirudia kulivuta lile bomba, wakachoka mapema, na yale mengine matatu hawakuyagundua sana kama wenzao. Hawakuwa wavivu hao. Mtoto hujiambia kwamba mwalimu anakijua kichezeo chote, na kama kungekuwa na zaidi angesema. Imani aliyo nayo kwa mwalimu ndiyo inayomfungia mlango.

Hata hivyo, tusije tukadhani dawa ni kumwacha mtoto bila mafunzo. Katika tathmini ya kimataifa ya PISA ya 2022, wanafunzi wa miaka 15 walipimwa kwa mara ya kwanza fikra bunifu. Walioongoza ni Singapore, nchi inayosifika kwa shule zenye nidhamu kali na masomo mazito: wastani wao ulikuwa alama 41 kati ya 60, wakati wastani wa nchi za OECD, jumuiya ya kiuchumi inayoendesha tathmini hiyo, ulikuwa 33. Maarifa ni malighafi. Mtoto anayeunda gari la waya na magurudumu ya ndala anajua waya upi unakunjika na upi unakatika, na ujuzi huo aliupata kwa mtu fulani.

Kwa hiyo kazi yetu ni kupanga upya nini kitangulie. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilitaka shule imjengee mtoto akili ya kudadisi, na mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Makaratasi yetu hayana shida. Ila mwalimu mwenye watoto 80 na mada ambazo hazijaisha anajua kitakachopimwa mwishoni: tangu 2012, sehemu kubwa ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ni kuchagua herufi moja na kuiwekea kivuli ili kompyuta isahihishe. Simlaumu akikimbilia ubao.

Kisha huja kidato cha kwanza, na hapa moyo huniuma zaidi. Mtoto aliyekuwa bingwa wa kutega vitendawili kijijini ananyamaza, kwa sababu sasa anafundishwa kwa Kiingereza, na nguvu zote anazimalizia kutafuta neno. Wazo linabaki tumboni. Mwalimu akimruhusu kulisema kwanza kwa Kiswahili, kisha wakalivusha pamoja, hatapoteza kitu.

Mengine hayahitaji bajeti. Badala ya kuuliza tatu ongeza tano ni ngapi, sema jibu ni nane, swali linaweza kuwa lipi? Watoto wa darasa la pili watakujazia ubao. Waambie watunge kitendawili cha bodaboda au cha simu ya mama, kisha uwe wewe wa kupewa mji.

Nyumbani, mzazi awe mwangalifu na zawadi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, uliofanyika katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, watoto waliopenda kuchora waliahidiwa cheti iwapo wangechora. Baada ya wiki moja au mbili, walipoachwa wachague mchezo wenyewe, muda waliotumia kuchora ulikuwa kama nusu ya ule wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa hamu. Mtoto akikuletea mchoro, kaa naye chini umwombe akusimulie.

Yule mwanachuo nilimkagua tena wiki iliyofuata. Safari hii aliacha ubao mtupu, akawaambia wachore mahali wanapolala na kinachoonekana ukitoka nje, kisha akapita kati ya madawati akiuliza maswali. Nilisogea kwa binti wangu. Mnazi ulikuwa umerudi, na juu yake kulikuwa na mtu.

"Nani huyu?"

"Babu. Ni mkwezi," alisema, akaendelea kukoleza kamba ya miguuni.