Gazeti la mji linavyokamuliwa hadi kubaki jina

Magazeti ya miji ya Marekani yakifa, lawama hupewa intaneti, na kwa kiasi fulani ni haki. Mwaka 2006 magazeti ya huko yaliingiza karibu dola bilioni 49 za matangazo. Kufikia 2020 yalikuwa chini ya bilioni 10. Matangazo madogo madogo ya nyumba, magari na ajira, yaliyokuwa yakilipa mishahara, yalihamia Craigslist, tovuti ya matangazo madogo, na kwingineko. Lakini mgonjwa wa homa akitolewa damu kila siku, usiseme ameuawa na homa peke yake.

Tuanze na deni. Kampuni inayokusanya magazeti kwa makumi mara nyingi hununua kwa mkopo, na mkopo huo hulipwa na mapato ya magazeti yaleyale yaliyonunuliwa. Kampuni ya magazeti ya McClatchy iliinunua mwenzake Knight Ridder mwaka 2006 kwa takriban dola bilioni 4.5, ikabeba na madeni yake ya karibu bilioni 2, wakati matangazo yakiwa ukingoni mwa kuporomoka. Februari 2020 ikakimbilia mahakama ya mufilisi, na mfuko wa uwekezaji ukaichukua.

Novemba 2019 GateHouse, kampuni nyingine ya magazeti, ikaimeza mwenzake Gannett, ikachukua jina la Gannett. Fedha zilitoka kampuni ya uwekezaji ya Apollo: mkopo wa karibu dola bilioni 1.8 kwa riba ya asilimia 11.5. Piga hesabu: riba ya mwaka mmoja inapita dola milioni 200. Ukichukua mshahara wa dola 50,000, hizo ni nafasi 4,000 za waandishi. Mwaka 2021 mkopo huo ulibadilishwa kwa mwingine wenye riba nafuu, lakini meza iliyokwisha kuachwa tupu haijai kwa sababu riba imeshuka.

Wengi hudhani waandishi ndio huondolewa kwanza. Mara nyingi panga huanzia kwa wahariri wa lugha na wasanifu kurasa. Kazi yao hupelekwa kituo kimoja kinachopanga kurasa za magazeti mengi, na anayeandika kichwa cha habari hajawahi kukanyaga mji huo. Hapo ndipo gazeti linapokosea na kuuandika mtaa kuwa upande wa pili wa mto. Kisha wapiga picha, kisha mitambo, kisha jengo.

Mtambo ndio jambo ambalo watu hawalipi uzito. Gazeti likichapishwa mbali, kurasa lazima zifungwe mapema ili lori liwahi. Baraza la mji likikutana saa 1 usiku na kurasa zikafungwa saa 11 jioni, msomaji wa karatasi atapata habari hiyo keshokutwa. Matokeo ya mpira wa usiku nayo hivyo hivyo. Madhara hayaishii kwa mwenye mtambo: Gannett ilipofunga kiwanda chake cha uchapishaji cha Pueblo, Colorado, mwaka 2023, magazeti mengi madogo ya wamiliki wengine yaliyochapishwa hapo yalilazimika kuhangaika kutafuta mchapishaji.

Majengo ni hadithi yake. Hartford Courant, gazeti la jimbo la Connecticut, ilipoteza chumba chake cha habari mwishoni mwa 2020, na uchapishaji wake ukahamishiwa Springfield, katika jimbo jirani la Massachusetts. Denver Post, chini ya mfuko wa uwekezaji wa Alden Global Capital, iliondolewa katikati ya jiji ikapelekwa kwenye kiwanda chake cha uchapishaji. Aprili 2018 gazeti hilo lilimshambulia mmiliki wake katika tahariri yake lenyewe, kitendo cha ujasiri ambacho hukioni mara mbili.

Kwa nini mmiliki haogopi kupoteza wasomaji? Kwa sababu hesabu yake ni ya muda mfupi. Wasomaji wazee wana mazoea. Bei ikipanda, wengi huendelea kulipa, na tanzia hulipiwa na wafiwa. Gharama zikishuka haraka kuliko mapato, faida ipo, hata kama ni kwa miaka michache. Ni kumkamua ng'ombe aliyenyimwa majani.

Mashine nazo zimejaribiwa. Agosti 2023 Gannett ilisitisha habari za michezo ya shule zilizoandikwa na programu, baada ya moja kutoka katika gazeti lake la Columbus Dispatch ikiwa na nafasi za majina ya utani ya timu zisizojazwa.

Ukitaka kujua gazeti lako limefikia wapi, usihesabu kurasa. Chukua matoleo ya siku saba na kalamu. Weka alama kwenye habari iliyoandikwa na mwandishi wa gazeti hilo, akiwa amehudhuria kikao au kuzungumza na mtu wa mji huo. Acha habari za mashirika, za gazeti dada la mji mwingine, na taarifa za polisi zilizonakiliwa. Kisha tazama majina: alama 10 za mwandishi mmoja ni dalili mbaya kuliko alama 6 za waandishi wanne, maana huyo mmoja akiugua, mji mzima unanyamaza. Mwisho soma kisanduku kidogo cha anwani, uone mhariri wa gazeti lako anahariri magazeti mangapi mengine.