Bharatanatyamu si sala tupu

Wengi huamini kuwa bharatanatyamu, ngoma ya kale ya India Kusini, ni ibada tupu, na kwamba mahaba yaliingizwa na sinema. Sivyo. Natyashastra, kitabu cha kale cha Kisanskriti kuhusu sanaa za jukwaani, kinataja rasa nane, yaani ladha za hisia, na ya kwanza ni shringara: mahaba.

Itazame padamu, wimbo wa mwendo wa polepole. Katika karne ya 17 mshairi Kshetrayya alitunga nyingi kwa Kitelugu, mara nyingi mwanamke akisema juu ya mpenziwe, ambaye ni mungu Krishna. Mchezaji huurudia mstari mmoja mara kadhaa, kila mara kwa maana mpya. Tuseme mpenzi amerudi alfajiri. Jicho linaona alama ya kucha shingoni mwake. Nyusi inapanda. Mkono unamwonyesha mlango. Halafu, kabla hajatoka, macho yanamfuata. Hapo ibada na mahaba ni kitu kimoja, nami sioni sababu ya kuvitenganisha.

Dhana ya sala tupu ilishika mizizi karne ya 20, ngoma ilipotoka kwa devadasi, wanawake wa mahekaluni waliokuwa wamevunjiwa heshima, ikaenda kwa mabinti wa tabaka la juu. Mchezaji Rukmini Devi, aliyeanzisha shule ya sanaa ya Kalakshetra mwaka 1936, aliyapunguza mahaba ili ngoma ipate heshima. Mchezaji Balasaraswati, mzaliwa wa ukoo wa devadasi, alipinga waziwazi: kwake shringara ndiyo hisia kuu, wala haikuwa na uchafu wa kusafishwa.