Ardhilhali kwa Ajili ya Vijana wa Malezi ya Kambo: Ya Kuzingatia Kabla ya Kuifikisha Bungeni

Tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ianze kutumika nchini Kenya, na serikali kuzindua mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia, ofisi yetu imekuwa ikipokea makundi ya kijamii yanayotaka kuwashawishi wabunge kuhusu jambo moja: kila kijana aliye katika malezi ya kambo awe na mtu mzima wa kumshauri na kumshika mkono. Nia hiyo tunaiunga mkono kwa dhati. Hata hivyo, ardhilhali nyingi (maombi rasmi ya maandishi kwa Bunge) tunazoonyeshwa zisingevuka meza ya Karani wa Bunge, na makosa yaliyomo ni yale yale kila mara.

Malezi ya kambo yanayotajwa na sheria, na hili tumelieleza mara nyingi, si ya mama au baba wa kambo aliyefunga ndoa na mzazi wa mtoto. Ni malezi ya muda ya mtoto aliyekabidhiwa familia isiyo yake chini ya usimamizi wa serikali. Kuasili, yaani kumfanya mtoto kuwa wako kisheria, ni jambo jingine, na kafala, yaani malezi ya mtoto kwa mujibu wa sharia ya Kiislamu, ambayo sheria hiyo imeitambua kwa familia za Kiislamu, ni jambo jingine pia. Ardhilhali inayochanganya haya matatu humfanya mbunge ashindwe kujua anaombwa arekebishe sehemu gani ya sheria.

Hitaji lenyewe huonekana wazi kijana anapotimiza miaka 18, umri ambao Katiba haimhesabu tena kuwa mtoto. Anaketi mbele ya afisa wa usajili, cheti cha kuzaliwa kimekunjwa mara nne mfukoni, anaulizwa nakala ya kitambulisho cha mzazi, naye anainamisha kichwa. Mtu anayemfahamu kwa miaka kadhaa, anayeweza kwenda naye kwa chifu, kumweleza afisa hali ilivyo na kurudi naye siku ya pili iwapo atafukuzwa siku ya kwanza, ndiye tunayemwita mshauri. Wanaodhani kwamba mshauri ni mfadhili wa karo wanakosea, na kosa hilo huwaacha vijana wakiwa na ada iliyolipwa lakini bila mtu wa kumpigia simu usiku.

Kwa hiyo, andikeni ombi lenye umbo. Kusema kwamba "Bunge liwasaidie vijana wetu" hakumpi mbunge neno la kutia katika mswada. Semeni mshauri ateuliwe kabla kijana hajatimiza miaka 18, awe amechunguzwa na kupata cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi, asimamiwe na afisa wa watoto, aendelee kwa muda utakaotajwa baada ya kijana kuondoka katika malezi, na gharama ya mafunzo yake iwekwe katika bajeti. Msilipeleke kwa mwakilishi wadi, kwa sababu bunge la kaunti haliwezi kuirekebisha sheria ya kitaifa.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, na utaratibu umewekwa na sheria ya mwaka 2012. Ardhilhali huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, kwa lugha ya heshima na bila maneno yaliyofutwa au kuchomekwa. Ikiwa na kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa utaje mada. Ni lazima ieleze ni ofisi zipi zilizokwisha kuombwa na zilijibu nini, na iwapo suala hilo liko mahakamani. Mwishoni huja ombi lenyewe, kisha majina, anwani, namba za vitambulisho, na saini au alama za vidole. Karani ana siku saba za kuipitia.

Saini hutiwa moja kwa moja juu ya ardhilhali. Kundi moja lilituletea karatasi za daftari zilizobandikwa kwa gundi, majina arobaini na kitu, yote kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Kughushi hati ni kosa la jinai ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka mitatu, na wema wa nia hauondoi kosa.

Kundi hilo hilo lilikuwa limeambatisha picha ya msichana akiwa na sare yenye nembo ya shule. Tuliirudisha siku hiyo hiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haikubali taarifa za mtoto zitumiwe bila idhini ya mzazi au mlezi, na adhabu ya jumla chini yake yaweza kuwa faini ya hadi shilingi milioni 3, kifungo cha hadi miaka 10, au vyote viwili. Msichana yule hakuwa ameulizwa na mtu yeyote. Elezeni hali ya vijana bila kutaja jina, shule wala kijiji.

Makadirio ya bajeti hufika Bunge la Kitaifa kabla ya tarehe 30 Aprili, na Kifungu cha 221 cha Katiba kinaitaka kamati inayoyachambua isikilize maoni ya wananchi. Ardhilhali inayofika Juni hukuta fedha za mwaka ule zimekwisha kugawanywa. Wanaotaka tuwapitie rasimu zao wazilete kufikia mwisho wa Januari, zikiwa bado hazijatiwa saini.