Mtoto kama mwathirika wa ukatili wa majumbani mbele ya mahakama ya familia

Katika sheria ya Uingereza na Wales, mtoto anayeona au kusikia ukatili wa majumbani, au anayeishi na athari zake, huhesabiwa kuwa mwathirika yeye mwenyewe na si shahidi tu wa ugomvi wa wakubwa, mradi awe mtoto au jamaa wa anayetendewa au wa anayetenda. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2021, na hakidai kwamba awe amepigwa. Mtoto wa miaka sita anayenyamaza ghafla akisikia ufunguo ukizungushwa mlangoni, au anayelala na viatu ili awahi kukimbilia kwa jirani, yumo ndani ya maana hiyo.

Uzito wa dhana hii huonekana wazazi wakishatengana na mmoja wao akaiomba mahakama imruhusu kuonana na mtoto. Sheria ya Watoto ya 1989 hutanguliza ustawi wa mtoto, lakini marekebisho ya 2014 yaliongeza kwamba mahakama ichukulie kuwa ushiriki wa kila mzazi humfaa mtoto, mpaka ithibitike vinginevyo. Jambo la namna hii si geni Tanzania, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia kuwa ni heri mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, nalo hukanushika kwa ushahidi. Huko Uingereza, mzazi ambaye ushiriki wake unamhatarisha mtoto hanufaiki na kifungu hicho cha 2014. Kinga hiyo inasomeka vizuri; hata hivyo, jopo la wataalamu lililotoa ripoti Juni 2020 lilikuta kwamba mahakama zimezoea kuegemea upande wa kuwakutanisha mtoto na mzazi, na madai ya ukatili yakapungua uzito njiani. Oktoba 2025 serikali ilitangaza nia ya kukifuta kifungu hicho, uamuzi ambao naona umechelewa.

Hakimu au jaji anayepokea madai ya ukatili huongozwa na Mwongozo wa Utendaji 12J, unaomtaka aamue mapema kama kuna haja ya kikao cha kuthibitisha yaliyotokea kabla ya kugusa suala la kuonana. Hapa ndipo kesi nyingi huamuliwa, kwa sababu jambo lisilothibitishwa haliwezi baadaye kutumiwa kupima hatari. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba pale madai yanapohusu udhibiti wa kimabavu, yaani mwenzi kunyang'anywa fedha, simu na marafiki kidogo kidogo, haitoshi kuhesabu tukio moja moja; ni lazima mwenendo mzima utazamwe.

Afisa wa Cafcass, taasisi inayowasemea watoto mahakamani nchini Uingereza, huzungumza na mtoto na kuandika ripoti. Kwa kuzingatia hayo yote, mahakama inaweza kumzuia mtoto asionane kabisa na mzazi huyo, kuruhusu barua tu, au kuagiza wakutane kituoni chini ya uangalizi. Aidha, mzazi anayefungua maombi mapya kila mara ili kumsumbua mwenzake anaweza kuzuiwa kufungua mengine bila kibali cha mahakama.