Estrojeni si dawa ya macho makavu

Amekuja mgonjwa mwingine kwenye kliniki yangu ya macho na barua ya rufaa: "Macho makavu baada ya kukoma hedhi, aanzishiwe homoni." Jamani. Estrojeni, homoni ya kike, imeshuka, macho yamekauka, basi irudishwe estrojeni! Hesabu inaingia akilini vizuri mno, ndiyo maana haifi.

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya 25,000 wa Marekani waliokwisha kukoma hedhi. Kwa waliotumia estrojeni peke yake, uwezekano wa kuwa na macho makavu ulizidi ule wa wasiotumia kwa asilimia 69. Waliochanganya na projesteroni, homoni nyingine ya kike, asilimia 29. Na kadiri mtu alivyotumia miaka mingi, ndivyo uwezekano ulivyopanda.

Hapa ndipo ninapokereka. Watu wanasema "homoni" kana kwamba ni kitu kimoja. Chozi si maji matupu. Juu yake kuna utando wa mafuta kutoka tezi za meibomi, zilizojipanga kwenye kingo za kope. Mafuta hayo ni mfuniko wa sufuria: yakikosekana, maji yanaruka. Tezi hizo zinategemea androjeni. Ndiyo, hiyohiyo mnayoiita homoni ya kiume. Mwanamke naye anayo, na humpungua taratibu kwa umri, haingoji hedhi ikome. Estrojeni yenyewe huelekea kuzipunguzia tezi hizo mafuta. Chozi likikauka kabla hujapepesa, jicho linawasha, kisha linamwaga maji ya dharura. Ndipo ninapoulizwa, "Dokta, machozi yananitiririka, ukavu umeuona wapi?" Huohuo, mama.

Lakini nisijifanye najua yote. Uchunguzi ule ulikuwa wa kufuatilia tu, haukumpangia mtu dawa. Huenda waliochagua homoni ndio waliokuwa na malalamiko mengi tangu mwanzo. Majaribio madogo yaliyofuata yanapingana. Wapo wagonjwa wangu wanaoapa kwamba homoni ziliwatuliza macho, nami siwezi kuwaita waongo. Hata kikaratasi cha Schirmer, kile kinachowekwa kwenye kope kupima machozi, ninachokitegemea, leo kinasoma milimita 4, wiki ijayo 9, jicho lilelile.

Mtauliza, je, homoni hazisaidii matatizo mengine ya macho? Presha ya macho? Estrojeni huishusha kidogo, kama nusu ya milimita ya zebaki. Hiyo si tiba. Mtoto wa jicho? Tiba yake ni upasuaji, tuendelee.

Anayetumia homoni kwa ajili ya joto la ghafla na jasho la usiku asiziache kwa sababu yangu. Azungumze na daktari wake wa wanawake. Kwa macho: kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika juu ya kope zilizofumbwa, dakika kumi, kisha kanda kingo taratibu. Machozi bandia. Feni isikupulize usoni. Na yale matone ya steroidi mnayoazimana na majirani yanapandisha presha ya macho. Hayo nitayaandikia peke yake nikishapoa.